Likizo ya Mafia: Tazameni Upepo na Mwezi Kabla ya Kukata Tiketi

SWALI

Habari za kazi, ndugu washauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 8, 12 na 15. Tunaishi Mafinga, mume wangu anauza mbao, mimi nalima mahindi na viazi. Tumewaahidi watoto kuwapeleka baharini na tumechagua kisiwa cha Mafia, kwa sababu wamesoma habari za matumbawe na yule samaki mkubwa anayeitwa potwe. Tulipanga Juni, shule zikifunga, maana ndipo mavuno yanapoanza kutupa pesa. Sasa jirani yetu aliyeolewa huku kutoka Lindi ananiambia Juni bahari ni chafu, tungoje Desemba. Lakini Desemba ni mwezi wa shamba!

Mume wangu naye anataka twende kwa basi hadi Kilwa, halafu tukodi dau la tanga litupeleke Mafia, watoto waonje safari ya zamani. Mimi naogopa. Pia kuna kijana tumepewa namba yake, anasema tumtumie hela yote ya boti kwa simu sasa hivi ili atushikie nafasi. Na watoto wamewahi kuogelea Matema tu, Ziwa Nyasa. Mdogo hajui kabisa. Wataweza kuyaona hayo matumbawe? Nielezeni kinaganaga, hatujui hata tuanzie wapi.

Mama wa Watatu, Mafinga

JIBU

Dada, salaam kwako na kwa shemeji. Jirani yako amesema kweli, msikilizeni.

Juni ni katikati ya kusi. Upepo huo huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, na Juni na Julai ndiyo miezi yake ya nguvu. Ule ule unaowaletea Mafinga baridi na ukungu wa asubuhi ndio unaochafua bahari huku chini. Mawimbi yanachimbua mchanga, maji yanakuwa na vumbi, na miamba ya nje, ambako matumbawe ni mazuri zaidi, haifikiki siku nyingi. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa tahadhari kwa pwani, kwa mfano upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Tahadhari kama hiyo ikitoka, boti ndogo yenye watoto haitoki, hata nahodha akisema amezoea. Na potwe nao huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Juni ina jambo moja zuri, nalo ni vifaranga vya kasa vinavyoanguliwa kisiwa cha Juani takriban kuanzia Juni hadi Septemba. Kwa familia ya waogeleaji wapya hilo halitoshi kubeba safari.

Desemba kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ndio kwanza unaingia na bado ni mwepesi, maji yana joto, na potwe wapo. Mvua za vuli zinaweza kunyesha, lakini mara nyingi ni za saa chache.

Kuhusu shamba, nafasi ipo ukiitafuta. Mahindi mkiyapanda na mvua za kwanza za Novemba, palizi ya kwanza inafika wiki ya tatu hivi, na mbolea ya kukuzia inaingia mahindi yakiwa magotini, kati ya wiki ya nne na ya sita. Kati ya palizi na kukuzia mnaweza kupata siku 8 au 9, na zikiangukia mara tu shule zinapofungwa mtakuwa mmewahi pia msongamano wa Krismasi. Pesa ya mavuno iwekeni pembeni tangu Julai, kwenye akaunti au kikoba kisichovunjwa kabla ya Desemba. Nyumba ya kulala wekeni nafasi Septemba.

Mkishapata mwezi, tafuteni siku ndani ya mwezi. Hapa ndipo watu wengi wa bara hupotezea likizo. Ziwa Nyasa mkilikuta ufukweni asubuhi mtalikuta hapo hapo jioni, lakini bahari ya Mafia hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na si kwa kiasi kile kile. Siku za bamvua, yaani siku chache kuanzia mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo inaweza kuwa mita 1 hivi tu. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa inafuata mwezi. Kuanzia tarehe 1 hadi 4, na 15 hadi 18, ni bamvua. Kuanzia 8 hadi 11, na 22 hadi 25, ni maji mafu. Kadirio hilo linaweza kupishana kwa siku moja. Jedwali la maji la mwaka husika ndilo litakalowapa saa kamili.

Saa nazo zina mpangilio. Pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Sasa fikiria mmefika Utende, kijiji cha ufukweni kwenye Ghuba ya Chole, siku ya bamvua, watoto wamevaa tayari saa tatu asubuhi, na boti imelala mchangani. Hadi ielee ni saa saba au nane mchana, jua kali, na asubuhi tulivu imekwisha.

Kwa hiyo, kwa watoto wako, lengeni maji mafu. Mnatoka asubuhi maji yakiwa yanajaa, mkondo ni mdogo, na maji ni maangavu kwa sababu hayavurugwi sana. Katika Ghuba ya Chole maji yanayoingia hutoka bahari kuu na ni safi. Yanayotoka hubeba tope la ndani na humvuta mtu kuelekea nje. Saa mbili za mwisho za maji kujaa ndizo za kuingia majini. Mlango wa Kinasi, ambako ghuba inapumulia, una mkondo mkali mno wakati wa bamvua. Hapo wazamiaji wenyewe huchagua saa, na watoto wasipelekwe.

Bamvua ina uzuri wake pia, maana mafungu ya mchanga hutokeza katikati ya bahari na watoto hupenda kucheza juu yake. Tahadhari ni moja. Maji hayapandi kwa kasi moja. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza yanapanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60, kisha 30. Mtu anaona saa ya kwanza imepita kwa utulivu, anadhani ana muda, halafu ndani ya saa moja tu maji yanamfika mtoto kifuani. Boti ibaki pale pale funguni na nahodha wake, isiende kuvua huku ninyi mkingoja.

Sasa hoja ya shemeji. Tamaa yake ni nzuri na tunaiheshimu, ila safari ya Kilwa hadi Mafia kwa dau, mkiwa na watoto watatu, msiifanye. Ni zaidi ya kilomita 100. Dau likipata upepo mzuri huenda kilomita 8 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo hata kila kitu kikienda sawa mtakula kutwa nzima na kuingia usiku. Na Desemba upepo unatoka kaskazini-mashariki, yaani usoni kwenu. Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo moja kwa moja; hubisha, kikienda mshazari upande mmoja kisha mwingine, na njia inaweza kurefuka karibu mara mbili. Hata mkipumzika Songosongo, ni siku mbili za jua, kichefuchefu na choo cha ndoo.

Tanga atalipata ndani ya Ghuba ya Chole, iliyokingwa na visiwa vya Juani, Chole na Jibondo. Kodini dau au mashua kwa nusu siku, kutoka Utende hadi Chole na kurudi kwa kuzunguka. Chole watoto wataona magofu yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, popo wakubwa wanaolala mitini mchana, na mafundi wanaounda vyombo kwa mkono. Juani kuna magofu ya mji wa Kua. Kwa shemeji anayejua mbao, kumwona fundi akipinda ubao na kutia kalafati, yaani nyuzi za kuzibia maji, kwenye maungio kutamridhisha kuliko kutapika njiani kutoka Kilwa.

Njia ya kufika ni hii. Basi la alfajiri kutoka Mafinga linapitia Iringa, Kitonga na Morogoro na kuwafikisha Dar es Salaam jioni. Laleni upande wa Mbagala. Asubuhi mapema pandeni gari Mbagala Rangi Tatu, kupitia Bungu hadi bandari ya Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni, huko Mafia. Ratiba ya kivuko hubadilika, hivyo pigeni simu siku moja kabla, na wakati wa kurudi acheni siku nzima kati ya kivuko na basi. Kivuko kisipokuwapo msishawishike kupanda boti za mizigo zilizojaa watu; laleni, mngoje. Mkiwa na uwezo, ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua nusu saa hivi, ila mizigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita 15 hivi. (Wasomaji wa Songea, kwenu Mtwara ni karibu zaidi kupitia Tunduru na Masasi: ufukwe wa Msimbati uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.)

Gawanyeni siku zenu Mafia mara mbili. Siku moja au mbili Kilindoni, upande wa magharibi, kwa ajili ya potwe. Maji ya huko hayana uangavu kwa sababu Mto Rufiji humwaga tope lake mkabala, lakini ndiyo yenye vijidudu vidogo anavyochuja potwe kwa mdomo wake mpana. Haumi mtu. Kaeni mita 3 kutoka ubavuni mwake, mbali zaidi mkiani, msimguse wala kumzibia njia. Siku zilizobaki kaeni Utende, kwa matumbawe. Eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kuingia kuna ada. Raia hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Malipo ya serikali ni kwa kontroo namba. Anayetaka ada ya hifadhi mkononi bila risiti mkatalieni.

Kijana wa simu msimtumie hela yote. Huenda ni mwaminifu, lakini mwaminifu hatakasirika kuulizwa. Mwombeni jina la chombo na namba yake ya usajili, picha ya cheti cha ukaguzi cha TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) chenye tarehe inayosomeka, idadi ya abiria kinaoruhusiwa, na jina la nahodha atakayekuwa usukanini. Tumeni sehemu ndogo tu ya kushikia nafasi, kwenye namba ya malipo yenye jina la biashara, na mwandikiane kwa ujumbe: tarehe, saa, mafuta ni ya nani, na bahari ikichafuka hela inarudi au siku inahamishwa. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Mmiliki asiyerudisha hela anamsukuma nahodha atoke hata siku isiyofaa.

Mkifika, kikagueni chombo kabla ya kupanda. Chungulieni chini, kwenye ngama: maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini baharia akiwa anachota na kumwaga muda wote huku chombo kimefungwa ufukweni, kalafati imechoka. Tazameni mishono ya tanga na kamba inayopandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, hasa pale inapopita kwenye kapi, maana hapo ndipo hulika. Hata kama mnakwenda kwa tanga, kuwe na injini, na mafuta yagawanywe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kuwe na nanga yenye kamba ndefu, makasia, na simu mbili ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Jaketi la kuokolea ni kwa kila mtu, na la mtoto lisiwe la mtu mzima lililokazwa. Someni uzito ulioandikwa ndani. Mfungeni mtoto, kisha mnyanyueni kwa kushika mabega ya jaketi: likipanda hadi kuziba kidevu au masikio, ni kubwa. La huyo wa miaka 8 liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Anavaa kabla ya kukanyaga chombo na kuvua akiwa nchi kavu.

Tanga likishajaa upepo, kaeni upande wa joshi, unakotoka upepo, msihame bila kuambiwa. Nahodha akigeuza chombo, foromali na tanga vinahamishwa upande wa pili. Wote chini, vichwa na mikono ndani. Dawa ya kichefuchefu ulizeni duka la dawa huko huko Mafinga, pamoja na kipimo cha kila mtoto, na mmeze mapema kabla ya kupanda, kwa sababu tumbo likishachafuka haisaidii.

Kuhusu kuogelea, mna miezi ya kutosha. Nunueni miwani ya kuzamia na mirija mapema. Miwani ijaribiwe hivi: ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikibaki usoni, inamfaa. Ikidondoka, itaingiza maji na mtoto ataogopa. Kila mmoja apate yake, maana ya mkubwa haimkai mdogo. Kwanza wazoee kupumua kwa mdomo mbele ya beseni la maji, nyumbani. Halafu bwawa la hoteli, maji ya kiunoni, wajifunze mambo matatu: kuelea kifudifudi bila kupiga miguu, kupuliza kwa nguvu maji yaliyoingia kwenye mrija, na kugeuka chali wakichoka. Maji ya chumvi huelesha mtu kuliko ya ziwani, kwa hiyo akiweza bwawani, baharini atapata wepesi. Yule mdogo avae jaketi na ashike boya lenye kamba, mtu mzima ubavuni mwake. Matumbawe mengi ya ghuba yapo mita chache tu chini. Atayaona vizuri akiwa juu juu.

Wafundisheni tangu sasa kwamba matumbawe ni wanyama, si mawe. Yale ya mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, na unyayo mmoja huvunja kazi ya miaka. Tayari yana shida ya kutosha: bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, hupoteza mwani mdogo sana wa rangi unaoyalisha, hupauka na mengi hufa, kama ilivyotokea mwaka 1998. Kwa hiyo hakuna kusimama juu yake, na nanga itupwe mchangani au boti ifungwe kwenye boya. Makombe na vipande vya matumbawe haviokotwi. Badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua, vaeni fulana za mikono mirefu ndani ya maji. Anayeelea kifudifudi saa nzima huungua mgongo bila kujua.

Miguuni raba kuukuu zenye soli ngumu, kandambili hazifai. Kwenye maji mafupi burutani miguu mchangani badala ya kukanyaga, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia aondoke. Mtu akichomwa na taa au samaki jiwe, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kiasi ambacho mtu mzima anavumilia, dakika 30 hadi 90, huku mkimwahisha hospitali. Mchubuko wa matumbawe osheni kwa sabuni na maji safi hadi chembe zote zitoke, hata mtoto akilia, kwani chembe ikibaki kidonda hakiponi haraka.

Bebeni taslimu ya kutosha kutoka Kilindoni, kwani ndiko kwenye benki. Bebeni pia kanga za kujifunika mkipita vijijini, na maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu mzima kwa siku. Joto la huko si la Mafinga.

La mwisho ni malaria. Nyanda za juu za kusini malaria ni chache, kwa hiyo watoto wenu hawana kinga waliyonayo watoto wa pwani. Wiki mbili kabla ya safari mwoneni daktari awashauri kuhusu dawa za kinga. Chandarua chenye dawa bebeni chenu wenyewe, na jioni wavisheni watoto suruali. Homa inaweza kuchelewa wiki moja, mbili au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati mmesharudi na watoto wako shambani. Mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, msiseme ni mafua ya baridi. Mpelekeni kupimwa siku hiyo hiyo na mmwambie mganga kwamba alikuwa Mafia.